Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kucheza RPG za Kijapani za mtindo wa zamani

Ukurasa huu ni wa anayecheza RPG (gemu za kuongoza kikosi cha wahusika katika hadithi) za Kijapani zenye sura ya zamani: picha za pikseli, mapambano ya zamu kwa zamu, amri zinazochaguliwa kwenye menyu, na dunia unayoizunguka kwa miguu hadi upate meli. Unahusu gemu za asili za miaka ya 1980 na 1990 pamoja na mpya zinazofuata mtindo huo. Maswali ya mapambano yamepewa nafasi kubwa kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama na kuacha, wakidhani wamekosa leveli (ngazi ya nguvu ya mhusika) ilhali walichokosa ni mpango.

Gemu gani hasa huhesabiwa humu?

Mtindo ulipata umbo kwenye Famicom, konsoli ya Nintendo ya Japani. Dragon Quest ilitoka Mei 1986, ikiwa imebuniwa na Yuji Horii, wahusika wamechorwa na Akira Toriyama, muziki ukiwa wa Koichi Sugiyama. Final Fantasy ya Hironobu Sakaguchi ikafuata Desemba 1987. Karibu kila kitu unachokiona leo kwenye gemu za aina hii, kuanzia HP (pointi za uhai, au damu) na MP (pointi za uchawi) hadi nyumba ya wageni inayokuponya usiku mmoja, kilipita kwenye mikono ya mifululizo hiyo miwili.

Kati ya mpya, zinazoulizwa zaidi ni Octopath Traveler (2018), Chained Echoes (2022) na Sea of Stars (2023). Hizo mbili za mwisho hazikutengenezwa Japani. Moja ni ya Ujerumani, nyingine ya Kanada. Uchezaji wake hata hivyo ni wa ukoo huohuo, na ushauri wa hapa unazihusu.

Sijawahi kucheza hata moja. Nianze na ipi?

Chrono Trigger ya 1995. Maadui wengi wanaonekana kabla hujawagusa, pambano linaanza palepale bila kuhamia skrini nyingine, na hadithi inaisha ndani ya saa 20 hadi 25 hivi. Usianze na Final Fantasy ya kwanza katika toleo lake la Famicom. Ni gemu muhimu, lakini haimsamehe mgeni: wahusika wawili wakimlenga adui mmoja na wa kwanza akamuua, pigo la wa pili linaangukia hewani na zamu imepotea. Hakuna dawa ya kumfufua aliyekufa; hadi upate uchawi wa kufufua, lazima umrudishe mjini. Ukiitaka hiyo, chukua toleo la Pixel Remaster, ambalo limerekebisha mengi kati ya hayo.

Kuna bosi (adui mkubwa anayefunga njia) ananiua kila mara. Nirudi nyuma kuongeza leveli?

Kwanza tazama umekufaje. Kufa kuna sura tatu, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni kufa kwa pigo moja. Kikosi kina damu ya kutosha, bosi anaachia shambulio kubwa, wote chini. Soma jina la shambulio linapojitokeza kwenye skrini. Likiwa la moto, tafuta vazi, ngao au pete inayopunguza moto, hata kama kinga yake ya kawaida ni ndogo kuliko ya vazi ulilonalo. Mabosi wengi hutoa ishara zamu moja kabla: anavuta pumzi, anakusanya nguvu, mkao wake unabadilika. Ukiiona, amuru kikosi kizima kijilinde. Amri hiyo hupunguza kipigo kwa kiasi kikubwa, mara nyingi nusu nzima, na haili MP hata moja. Wachezaji wengi wanamaliza gemu bila kuigusa, na ni hasara.

Ya pili ni kufa polepole. Unapiga, unaponya, unapiga, na MP zinaisha bosi akiwa bado mzima. Hapa kipigo chako ni kidogo. Tumia zamu za mwanzo kujaribu moto, barafu na radi, kimoja kimoja, na uandike namba zinazotokea. Kisha jaribu uchawi wa kushusha ulinzi wake na wa kupandisha nguvu ya mpigaji wako mkuu. Imani kwamba uchawi wa namna hii haushiki kwa mabosi si ya kweli kwa kila gemu. Uchawi wa sumu, usingizi na kifo cha ghafla ndio mara nyingi hukataliwa. Wa kupunguza ulinzi hukubalika mara nyingi zaidi.

Ya tatu ni kuvurugika kwa zamu. Mponyaji anaanguka, unamfufua, anaanguka tena kabla hajafanya lolote, na kila zamu inateketea kwenye kazi hiyohiyo. Sababu ni kwamba anayefufuliwa kwa kawaida hurudi na damu kidogo. Usimfufue hadi uhakikishe kuna mtu wa kumponya baada yake na kabla ya bosi. Ikibidi, waponye kwanza waliosimama, jilinde zamu moja, ndipo ufufue. Kabla ya pambano, mpe mhusika wa pili kazi ya kubeba dawa, na mweke mponyaji safu ya nyuma kama gemu ina safu. Katika Final Fantasy nyingi za zamani, aliye nyuma hupokea nusu ya kipigo cha silaha, na yeye pia hupiga nusu, isipokuwa akiwa na silaha ya mbali kama upinde.

Leveli zinahitajika kweli pale ambapo umeshanunua vifaa vyote vya mji wa karibu na bado pigo la kawaida la bosi, lisilo la ishara yoyote, linamwondolea mhusika wako mgumu kuliko wote zaidi ya nusu ya HP. Hapo pandisha leveli mbili au tatu ujaribu tena. Usipandishe kumi, maana utaua ladha ya sehemu yote inayofuata.

Mbona silaha moja mpya inabadilisha pambano kiasi hiki?

Kwa sababu ya hesabu ya kutoa. Katika gemu za ukoo wa Dragon Quest, kipigo cha kawaida hukaribia hesabu hii: chukua nguvu yako ya shambulio, toa nusu ya ulinzi wa adui, gawa kwa mbili, kisha bahati iongeze au ipunguze kidogo.

Tuseme shambulio lako ni 40 na ulinzi wa adui ni 60. 40 toa 30 ni 10; gawa kwa mbili, unapiga 5. Nunua upanga unaoongeza 20: 60 toa 30 ni 30, unapiga 15. Shambulio limepanda kwa nusu, kipigo kimekuwa mara tatu. Kuipata tofauti hiyo kwa leveli pekee kungekugharimu mapambano mengi sana.

Sasa badala ya upanga, tuseme umeushusha ulinzi wa adui hadi 30. 40 toa 15 ni 25, unapiga 12 hivi, na kila mpigaji kwenye kikosi anafaidika. Zamu moja ya uchawi huo inajilipa ndani ya mzunguko (kila mmoja kucheza zamu yake) mmoja au miwili.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha wapi pesa iende kwanza. Pointi moja ya shambulio inaongeza nusu pointi ya kipigo chako. Pointi moja ya ulinzi inapunguza robo pointi tu ya kipigo unachopokea. Kwa hiyo anza na silaha ya mpigaji mkuu, halafu vazi la mponyaji, halafu wengine. Final Fantasy za mwanzo zina hesabu yao tofauti, inayotazama pia idadi ya mapigo katika shambulio moja, lakini mpangilio wa manunuzi hauharibiki.

Nikiamua kuongeza leveli, nifanyie wapi?

Karibu na mahali pa kujiponyea bure au kwa bei ndogo, dhidi ya maadui unaowaua ndani ya mizunguko miwili. Adui mgumu anayetoa pointi za uzoefu (zinazopandisha leveli) maradufu lakini anakula mizunguko mitano na MP zako zote ni hasara. Kwenye Dragon Quest, mtafute adui anayeitwa Metal Slime: ana HP chache mno, ulinzi mkubwa sana, hukimbia haraka, na pointi zake ni nyingi kupita kiasi. Uchawi wa kawaida haumwingii. Tumia silaha au mbinu zenye uhakika wa kutoa angalau pointi moja ya kipigo, au zinazotegemea pigo la bahati linalopuuza ulinzi.

Zipo gemu ambazo kusaga leveli (kupigana tena na tena ili upande) hakusaidii au kunakugeukia. Final Fantasy VIII huwapandisha maadui kadiri wewe unavyopanda. Mfululizo wa Romancing SaGa huwaongezea nguvu kadiri unavyopigana mapambano mengi, kwa hiyo anayepigana na kila kinachotembea anajikuta kwenye dunia ngumu mapema. Final Fantasy II ya 1988 haina leveli za mhusika kabisa: unachokitumia ndicho kinachokua, hivyo uchawi usioutumia utabaki dhaifu hadi mwisho. Chained Echoes nayo imeondoa kusaga kwa makusudi. Nguvu kubwa hutoka kwenye vipande vya kitabu cha uchawi unavyopata kwa kusonga mbele, na kikosi hurudishiwa HP zote baada ya kila pambano.

Hali zipi za ugonjwa niziogope zaidi?

Kuchanganyikiwa na kugeuzwa jiwe. Sumu inaonekana ya kutisha lakini mara nyingi unaweza kuivumilia hadi pambano liishe. Aliyechanganyikiwa anawapiga wenzake kwa nguvu zake zote, na ikiwa ni mpigaji mkuu, kikosi kinaisha kwa mkono wake. Katika gemu nyingi pigo la kawaida linamzindua, kwa hiyo mwambie mhusika dhaifu kuliko wote ampige mara moja. Kugeuzwa jiwe ni sawa na kifo, na kikosi kizima kikiwa mawe, gemu imeisha hata kama HP zimejaa.

Kunyamazishwa, yaani kuzuiwa kutumia uchawi, ni hatari zaidi kwa mponyaji. Beba dawa zake tatu au nne, na zishikwe na mtu mwingine, kwa sababu katika gemu ambazo kila mhusika ana mkoba wake, dawa iliyo kwa aliyelala haifikiwi.

Jambo jingine linalosahaulika: hali hizi zinafanya kazi kwa adui pia. Kuwalaza maadui wanne wa kawaida kwa uchawi mmoja wa MP chache ni nafuu kuliko kuponya vipigo vyao vinne.

Na maiti zinazotembea, katika Final Fantasy nyingi, huumizwa na uchawi wa kuponya. Hata bosi wa aina hiyo jaribu kumrushia dawa ya kufufua.

Kipimo cha muda kinajaa haraka, sipati nafasi ya kufikiri. Nifanyeje?

Huo ni mfumo ulioanza na Final Fantasy IV mwaka 1991, ambapo kila mhusika anasubiri kipimo chake kijae huku saa ikienda. Ingia kwenye mipangilio utafute chaguo mbili. Ya kwanza ni hali ya kusubiri, ambayo husimamisha saa ukiwa ndani ya orodha ya uchawi au ya vifaa. Katika gemu nyingi haisimami ukiwa kwenye menyu kuu ya amri, kwa hiyo ukitaka kufikiri, fungua orodha ya uchawi kwanza. Ya pili ni kasi ya pambano. Ipunguze. Hakuna zawadi yoyote ya kucheza kwa kasi ya juu.

Ukitaka kukimbia pambano kwenye Final Fantasy IV hadi VI za Super Famicom (konsoli iliyofuata Famicom), shikilia L na R pamoja na usiachie.

Octopath Traveler: nimevunja ngao za adui, mbona faida ni ndogo?

Kwa sababu umevunja ukiwa mtupu, bila pointi za kuongeza nguvu. Namba iliyo kwenye ngao ni idadi ya mapigo ya udhaifu anayohitaji. Ikifika sifuri anapoteza zamu iliyobaki na mzunguko unaofuata, na vipigo vyote vinamwumiza zaidi. Kila mhusika hupata pointi moja ya kuongeza nguvu kila mzunguko, hadi 5, na anaweza kutumia hadi 3 kwa mara moja. Mzunguko unaofuata baada ya kutumia, hapati pointi.

Mpango ni huu: tumia wahusika wawili wenye mapigo mengi ya haraka kupunguza ngao, huku mpigaji mkuu akikusanya pointi hadi 3 au zaidi. Tazama foleni ya zamu juu ya skrini. Vunja ngao mapema katika mzunguko, bosi akiwa bado hajacheza, ili akose zamu hiyo na ya mzunguko ujao. Weka uchawi wa kushusha ulinzi kabla ya kuvunja au mara tu unapovunja, kisha mpigaji aachie zote 3. Ukivunja bosi akiwa ameshacheza zamu zake zote, umeokoa mzunguko mmoja tu.

Sea of Stars ina kitu cha karibu na hicho. Adui anapoandaa uchawi, alama za aina za mapigo hutokea juu yake. Ukizipiga zote kabla hesabu haijaisha, uchawi unafutika. Ukizipiga baadhi, unapungua nguvu. Usizifukuzie zote pale ambapo haiwezekani kuzimaliza. Vunja unazoweza, kisha jiandae kubonyeza kitufe wakati pigo linapotua, kwani kubonyeza kwa wakati hupunguza kipigo.

Nabonyeza kwa wakati lakini gemu inasema nimechelewa.

Tatizo liko kwenye televisheni. Televisheni nyingi huchakata picha kabla ya kuionyesha, na muda huo mdogo unatosha kuharibu mbonyezo. Washa hali ya gemu, zima ulainishaji wa mwendo, na acha kusikiliza kwa vipokea sauti vya Bluetooth kama unafuata mlio badala ya picha.

Nina dawa na vifaa adimu tele, naogopa kuvitumia.

Vitumie kwa bosi anayekuzuia leo. Kifaa kinachorudisha MP kikitumika katikati ya shimo (pango la maadui) refu kinakuokoa safari nzima ya kurudi mjini.

Pikseli zinaonekana hazilingani, nyingine nene nyingine nyembamba. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu, ni mgawanyo usio kamili. Picha ya Famicom ina mistari 240. Kwenye skrini ya mistari 720 kila mstari unakuwa mitatu kamili, na kwenye ya 2160 unakuwa tisa. Kwenye ya 1080 ni mara 4.5, kwa hiyo mistari mingine inachorwa minne na mingine mitano, na ramani ikisogea unaona picha ikitetema. Chagua ukuzaji wa namba kamili, mara 4, ukubali mikanda myeusi juu na chini. Umbo la picha liwe 4:3, usilivute lijaze skrini pana. Kichujio kinachoiga mistari ya televisheni za kioo cha zamani kinafaa zaidi kuliko cha kulainisha, kwa sababu wachoraji wa wakati ule walichora wakijua rangi zitachanganyika kwenye kioo hicho.

Sijui niende wapi. Je, nimepitwa na kitu?

Zungumza tena na watu wa mji wa mwisho uliofika, maana maneno yao hubadilika baada ya tukio, halafu na mfalme au yeyote aliyekutuma. Bado hakuna? Orodhesha milango iliyofungwa na sehemu za maji ulizoshindwa kuvuka, na uangalie chombo kipya ulichopata kinafungua kipi. Kwenye gemu za miaka ya 1980, tafuta pia kwa kubonyeza kwenye kuta na nyuma ya kaunta za maduka.

Vitu vya kukosa milele vipo. Kwenye Final Fantasy VI, unapokimbia kutoka bara linaloelea, ukifika penye chombo cha angani chagua kusubiri hadi saa ifike sekunde 5 za mwisho, la sivyo unampoteza mhusika Shadow. Kwenye Chrono Trigger, baadhi ya makasha yaliyofungwa kwa nguvu ya uchawi yapo katika zama mbili: liguse la mwaka 600 bila kuchukua kilichomo, nenda mwaka 1000 uchukue kilichoboreka, kisha urudi 600 uchukue cha asili. Unapata viwili badala ya kimoja.

Nihifadhi vipi ili nisipoteze kazi yangu?

Tumia angalau faili tatu kwa kupokezana. Moja pekee ni hatari, kwani ukihifadhi ndani ya shimo usiloweza kulitoka wala kulishinda, umefungiwa humo.

Kwenye emuleta (programu inayoiga konsoli ya zamani) kuna mtego. Nakala ya papo kwa papo inahifadhi hali yote ya mashine, pamoja na kumbukumbu ya kuhifadhia ya kaseti. Ukifungua nakala ya wiki iliyopita, kumbukumbu nayo inarudi wiki iliyopita, na emuleta inaweza kuiandika juu ya faili yako mpya. Hifadhi ndani ya gemu kwanza, funga emuleta kwa njia yake ya kawaida, na unakili faili ya kuhifadhia mahali pengine kabla ya kusasisha emuleta. Nakala za papo kwa papo huweza kukataa kufunguka kwenye toleo jipya. Faili ya gemu yenyewe kwa kawaida haina shida hiyo.

Wenye kaseti halisi: kumbukumbu inashikiliwa na betri ya kidonge, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Ikifa, gemu inacheza lakini haikumbuki. Kuibadilisha unahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8 kwa kaseti za Nintendo, kifaa cha kulehemu, na betri iliyoshabandikwa vipande vya chuma au kishikilio chake. Usilehemu moja kwa moja kwenye mwili wa betri, joto huiharibu na inaweza kupasuka. Hakikisha chanya na hasi vimekaa kama vilivyokuwa. Ukiitoa ya zamani, vilivyohifadhiwa vinafutika, kwa hiyo kama bado inafanya kazi, nakili kumbukumbu kwanza kwa kifaa cha kusomea kaseti.

Dragon Quest ya kwanza ya Kijapani haikuwa na betri kabisa: ilitoa nenosiri la herufi 20 za kana (herufi za Kijapani). Ya pili ilifika hadi herufi 52. Herufi moja ikikosewa, nenosiri linakataliwa. Lipige picha, kisha ulisome kwenye picha kuhakikisha kila herufi inaonekana.

Nimeiacha gemu miezi mingi na sikumbuki chochote. Nianze upya?

Hapana, isipokuwa uko ndani ya saa tatu za mwanzo. Tengeneza nakala ya faili, kisha rudi mji wa karibu. Fungua menyu ya kila mhusika, soma kila uchawi na kila kifaa alichovaa. Toka nje upigane mapambano kumi hivi na maadui wepesi, ukijaribu kila amri angalau mara moja. Tazama kama gemu ina muhtasari wa hadithi au daftari la kazi. Pixel Remaster za konsoli za 2023 zina hata chaguo la kuzima mapambano ya ghafla, ambalo linafaa sana unapotembea kutafuta ulipokuwa unaelekea. Ukishajua kikosi chako kinaweza nini, hadithi utaikumbuka kwa kuzungumza na watu wawili watatu mjini.